Kugawana, Kupashana, Kupokezana: Istilahi za Data katika Mitandao Mikubwa ya Vihisi

1. Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mezani petu na wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, liko moja linalorudi kila mara kwa sura mpya: vifaa vya kisasa vinapopelekeana data, Kiswahili kiseme vinafanya nini? Je, vinagawana, vinashirikiana, vinabadilishana, au vinapashana? Huenda msomaji akaliona swali hili kuwa dogo, la watu wanaopenda kushindana juu ya maneno. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba si dogo, na kwamba kitenzi kibaya huweza kuharibu mwongozo, mkataba, hata tahadhari.

Nianze kwa kisa kilichonipata mwenyewe. Nilialikwa na ofisi moja hapa Unguja niipitie tafsiri ya mwongozo uliohusu vifaa vya kuchunguzia bahari. Sentensi moja ilisema hivi: "Vituo vyote vitagawana data za bahari." Afisa mmoja mtu mzima, mwenye uzoefu wa miaka mingi wa kazi, akainua mkono akauliza: "Bwana mfasiri, ikiwa wenzetu watagawana data zetu, sisi tutabakiwa na fungu gani?" Mkutano ukasimama. Muda mwingi wa asubuhi ile ulipotea katika kubishana juu ya mafungu ambayo hayakuwapo.

Yule mzee hakukosea. Alikielewa Kiswahili sawasawa. Aliyekosea ni aliyefasiri, na nakiri kwamba mimi nami nilikuwa nimeipita sentensi ile bila ya kuishuku. Kutokana na siku hiyo nimeona inafaa kulichunguza jambo hili kwa utaratibu: kwanza tueleze vifaa vyenyewe na kazi vinayoifanya, kisha tutafute maneno yanayoichukua kazi hiyo.

2. Mtandao wa vihisi ni kitu gani?

Kihisi ni kifaa kinachopokea hali fulani ya mazingira, kama vile joto, kanieneo, chumvi au kimo cha maji, kikaigeuza kuwa ishara ya umeme na hatimaye kuwa tarakimu. Baadhi ya waandishi wamependa kukopa na kusema sensa. Mkopo huu haufai, kwa sababu neno sensa tayari lina kazi kubwa katika lugha yetu: ni hesabu ya watu na makazi, kama ile iliyofanyika nchini mwaka 2022. Ukiandika "mtandao wa sensa", msomaji wa kawaida ataona makarani wenye madaftari wakipita nyumba kwa nyumba. Wengine wamependekeza kitambuzi. Neno hili ni la Kiswahili safi, lakini limebeba zaidi ya linalotakiwa. Kutambua ni kujua kitu kuwa ndicho. Kifaa hiki hakijui kitu. Kinahisi tu, na kazi ya kutambua huja baadaye, aghalabu mahali pengine. Kwa hiyo kihisi ndilo neno linalofaa.

Neno mtandao halina mgogoro. Limetokana na kitenzi kutanda, na limezoeleka. Ila inafaa kulichukua kwa uzito wake. Mvuvi anapolitazama jarife lake haoni nyuzi peke yake, anaona mafundo. Fundo ndilo linaloshika uzi huu na uzi ule vikawa wavu. Basi katika mtandao wa vihisi, kila mahali penye kifaa kinachopokea na kupeleka data tupaite kifundo. Najua kwamba kifundo ni kiungo cha mguu pia, lakini hakuna atakayechanganya mguu na mtandao. Fundo moja likifunguka, jarife bado hushika samaki. Yakifunguka mengi, samaki hupita. Hivyo ndivyo zilivyo tabia za mitandao hii: imetengenezwa ili ivumilie kukosekana kwa kifundo kimoja au viwili, wala haivumilii kila upungufu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme tumeamua kuchunguza chumvi inayoingia katika visima vya pwani ya mashariki ya Unguja. Tunaweka vihisi katika visima vya Makunduchi, Jambiani na Paje, kisha tunaweka vifundo njiani, Jozani na Tunguu, mpaka Mjini ambako kompyuta inangoja. Kila kifaa kina betri ndogo na redio ndogo. Kupeleka data kutoka Makunduchi moja kwa moja hadi Mjini kunahitaji redio yenye nguvu, na redio yenye nguvu hula betri. Kwa sababu hiyo, kifaa cha Makunduchi hupeleka data zake kwa jirani yake wa Jambiani. Jambiani huzipokea, hutia zake, huzipeleka Paje. Nako Paje huzisogeza mbele. Kifaa cha mwisho, ambacho upande mmoja kinasema na vihisi na upande wa pili kinasema na mitandao ya nje, tunakiita lango. Na kanuni ambazo vifaa hivi vyote vinazifuata, yaani nani aanze kusema, ujumbe uanze vipi na uishe vipi, na afanyeje aliyekosa kusikia, tunaziita itifaki. Neno hili tulikuwa nalo tangu zamani katika shughuli za mabalozi na wageni wa heshima, na maana yake ni ile ile: utaratibu uliokubaliwa ambao bila ya huo mazungumzo hayaendi.

3. Mfano wa bahari yetu

Mfano wa visima nimeubuni, lakini mtandao wa kweli uko mlangoni petu. Katika bandari ya Zanzibar, pale Malindi, kipo kifaa cha kupimia kimo cha maji ya bahari. Katika makala haya nitakiita kipimabahari. Nimeepuka kipimamaji, kwa kuwa fundi mwashi ana pimamaji yake ya kunyooshea ukuta, na nimeepuka pia kukiita kwa jina la bamvua, maana bamvua ni sehemu tu ya kazi yake. Rekodi za kimo cha bahari cha Zanzibar zimekuwa zikiwekwa katika hazina za kimataifa tangu mwaka 1984.

Wenyeji wa visiwa hivi hawahitaji kifaa ili wajue kwamba bahari hujaa na kupwa. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani hupanga kazi zao kwa bamvua, wakati wa mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali na mashamba yao yakawa wazi. Na wanajua kwamba wakati wa maji mafu hapana kazi kubwa. Tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hapa kwetu hufika yapata mita 4 wakati wa bamvua. Kipimabahari hakikuwekwa ili kuwafundisha watu hawa wanayoyajua. Kiliwekwa ili kile kinachojulikana Unguja kijulikane pia mahali pengine, na kwa tarakimu zinazolingana na za mahali pengine.

Mwaka 1985 Tume ya Bahari iliyo chini ya UNESCO ilianzisha mfumo wa dunia nzima wa kuchunguza kimo cha bahari, ambao kiini chake ni vituo vinavyokaribia 300. Kituo cha Zanzibar ni kimoja kati ya hivyo. Tarakimu kutoka katika kituo cha namna hii huenda kwa setelaiti, hushushwa katika kituo cha kupokelea, kisha huingizwa katika mtandao wa mawasiliano wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, nao huzifikisha kwa wachunguzi wa nchi nyingi kwa muda wa dakika chache. Aliye Mombasa, Muscat au Jakarta huweza kuona namna maji yalivyosimama bandarini mwetu muda mfupi uliopita.

Bahari kuu nayo ina vifaa vyake. Tangu kumalizika kwa karne iliyopita, mataifa yamekuwa yakitupa baharini vihisi vinavyoelea, na idadi yao sasa inakaribia 4,000. Kila kimoja huzama, hukaa katika kina cha yapata mita 1,000, hushuka mpaka mita 2,000, kisha hupanda juu taratibu kikipima joto na chumvi njia nzima. Kikifika juu huipa setelaiti alichokipata, halafu huzama tena. Safari hii hujirudia kila baada ya siku 10 hivi, na data zake huwekwa wazi kwa kila mtu, nyingi katika muda wa saa 24.

Viko pia vihisi vya kanieneo vilivyolazwa chini kabisa ya bahari kwa ajili ya kugundua tsunami. Kihisi cha namna hii hakiwezi kutumia redio, kwa kuwa maji ya chumvi huyameza mawimbi ya redio. Badala yake hulipelekea boya lililo juu yake ishara kwa mawimbi ya sauti, na boya ndilo linalosema na setelaiti. Katika siku za kawaida huleta tarakimu chache. Kikihisi badiliko lisilo la kawaida, hubadili mwendo wake chenyewe na kuanza kuleta tarakimu nyingi kwa haraka. Msomaji ataona kwamba hapa kihisi na boya vina kazi mbalimbali, na kila kimoja bila ya mwenziwe hakifai kitu.

4. Siku ya tarehe 26 Desemba 2004

Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika kwa msiba. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilitokea magharibi ya Sumatra ya kaskazini. Mawimbi ya tsunami yaliyofuata yaliua zaidi ya watu 220,000 katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Hindi. Sri Lanka ilifikiwa baada ya saa 2 hivi. Somalia ilifikiwa baada ya saa 7 hivi, na huko walikufa watu wapatao 300. Pwani ya Kenya na Tanzania ilifikiwa baada ya saa zipatazo 9. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10. Kenya, ambako habari ziliwahi kusikika na watu wakaondolewa ufukweni, ilipoteza mtu mmoja.

Saa 7, saa 9! Wimbi halikutushtukiza kwa kuwa lilikwenda mbio mno. Lilitushtukiza kwa kuwa habari zake zilikwenda polepole kuliko lenyewe. Mashine za kupimia matetemeko zilikwishaliandika tetemeko hilo katika dakika za mwanzo. Vipimabahari kadhaa vya Bahari ya Hindi viliandika wimbi lilipokuwa likipita, lakini vilikuwa vimewekwa kwa ajili ya kuchunguza kujaa na kupwa na mabadiliko ya miaka mingi, na hapakuwa na mfumo wa tahadhari wa bahari hii uliovifunga pamoja. Vipimo vilikuwapo, kilichokosekana ni kupashana.

Mfumo huo ulianza kujengwa mwaka 2005, na tangu mwaka 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia vimekuwa vikitoa taarifa za tsunami kwa nchi zote za ukanda huu. Hapa nchini taarifa hizo hupokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kwa ufupi, maelfu ya vifaa sasa hupelekeana data usiku na mchana ili mtu aliye Nungwi au Kizimkazi aambiwe kwa wakati atoke ufukweni apande juu. Na atakayemwambia, atamwambia kwa Kiswahili. Ndiyo maana Kiswahili cha mambo haya hakipaswi kuachwa kijipange chenyewe.

5. Vitenzi vinavyoshindania nafasi moja

Sasa tuvipime vitenzi, kimoja baada ya kimoja.

(a) Kugawana. Asili yake ni kugawa, yaani kutenga mafungu. Wavuvi wakigawana samaki 20, huyu hupata 10 na yule 10; hakuna mwenye 20 tena. Warithi wakigawana shamba, kila mmoja huondoka na sehemu. Data haziko hivyo. Kipimabahari cha Malindi kikipeleka tarakimu zake India, Malindi haipungukiwi hata na tarakimu moja. Hivyo "kugawana data" ni kosa la maana, si la ladha tu. Lakini tusikitupe kitenzi hiki, maana ndani ya mitandao hii viko vitu vinavyogawanwa kweli. Vifaa vingi vinapotumia setelaiti moja, kila kimoja hupewa dakika zake za kusema, ili sauti zisigongane. Hapo vifaa vinagawana zamu. Kadhalika vinagawana masafa ya redio na vinagawana kazi. Kila kitu ambacho mmoja akikichukua mwingine hukikosa, kinagawanwa.

(b) Kushirikiana. Hili ni neno la kutenda pamoja. Vihisi vitatu vinavyokadiria wimbi linatoka upande gani vinashirikiana katika kukadiria. Ila sarufi yenyewe inatukataza kusema "kushirikiana data", kwa kuwa kitenzi hiki hakichukui yambwa. Watu hushirikiana katika jambo. Ama "kushiriki data", ambayo siku hizi huonekana katika tafsiri za haraka haraka, maana yake ni kuwa mshiriki ndani ya data, jambo lisiloeleweka.

(c) Kubadilishana. Hapa mtu hutoa chake akapokea cha mwenziwe. Neno linafaa pale ambapo pande mbili zinapeana kweli, mathalani vituo viwili ambavyo kila kimoja kinapeleka na kupokea. Halifai kwa kihisi kinachotoa tu bila ya kupokea kitu. Kadhalika lina harufu ya biashara: msomaji hutazamia kwamba asiyekuwa na cha kutoa hapewi.

(d) Kusambaza na kutangaza. Vyote viwili vina chanzo kimoja na wapokeaji wengi. Kituo cha tahadhari hutangaza. Lango huweza kusambaza. Havielezi hali ambayo kila kifaa ni mtoaji na mpokeaji.

(e) Kupokezana. Mafundi wanapomwaga zege, karai hutoka mkono hadi mkono mpaka juu ya jengo. Hakuna aliyelibeba njia nzima, na hakuna aliyelimiliki. Ndivyo zinavyosafiri data za kisima cha Makunduchi mpaka Mjini. Kwa namna hii ya kupitisha data kutoka kifundo hadi kifundo, sioni neno bora kuliko kupokezana.

(f) Kupashana. Kama vile pita inavyozaa pisha, ndivyo pata inavyozaa pasha. Kumpasha mtu habari ni kumfanya azipate, na lugha haisemi hata kidogo kwamba aliyezitoa amezikosa. Ukinipasha habari ya harusi, sote wawili tunayo. Hii ndiyo tabia hasa ya data. Kwa hiyo napendekeza kwamba dhana ya jumla, ya vifaa vingi kufanya data za kila kimoja ziwafikie wengine bila ya kupungua, iitwe kupashana data, na jina lake liwe upashanaji wa data.

Zipo hoja mbili za kupinga, nazo zinastahili jibu. Ya kwanza ni kwamba kupashana ni kwa watu, wala vifaa havina midomo. Lakini Kiswahili hakina ubaguzi huo: magari hupishana barabarani, mito hukutana, mawimbi hufuatana. Kauli ya kutendana haikuwekewa binadamu peke yake. Hoja ya pili ni ya kwetu hasa hapa Mjini. Mtu wa Zanzibar akisikia pasha hukumbuka mipasho ya taarabu, yaani maneno ya kuchomana yanayotupwa kwa wimbo. Ni kweli, na ndiyo sababu sipendekezi data ziitwe mpasho. Upashanaji uko mbali na ukumbi wa taarabu kiasi cha kutosha. Na hata huko, tuseme kweli: mpasho mzuri humfikia aliyekusudiwa bila ya kutajwa jina lake, na kila aliyekuwapo ukumbini huondoka nao mzima.

6. Data, takwimu, taarifa na habari

Maneno manne haya huchanganywa sana. Takwimu ni hesabu zilizokusanywa na kupangwa ili zionyeshe hali ya jambo, kama idadi ya wanafunzi wa mkoa. Taarifa ni maelezo yenye maana kamili kwa mpokeaji. Habari ni taarifa inayotolewa kwa watu. Data ni tarakimu au ishara ghafi kabla ya kutafsiriwa. Kipimabahari kikitoa tarakimu za kimo kila dakika, hizo ni data. Wastani wa kimo cha bahari kwa mwezi ni takwimu. "Maji yameshuka kwa namna isiyo ya kawaida" ni taarifa. "Ondokeni ufukweni" ni habari, tena ni amri.

Watumishi wa serikali wakumbuke kwamba lugha ya sheria ina mazoea yake. Sheria ya mwaka 2022 inayolinda mambo ya mtu binafsi inaitwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na anayeitaja hana ruhusa ya kuibadilisha jina. Bali katika maandishi ya kitaalamu tofauti ya data na taarifa iwekwe wazi.

Tofauti hii ina faida ya vitendo. Kifundo kilicho njiani huweza kupunguza mzigo kwa kuzijumlisha data nyingi na kupeleka wastani peke yake. Kazi hii tuiite ujumlishaji. Huokoa betri, lakini ina hatari yake. Wimbi la tsunami hupanda na kushuka katika muda wa dakika kumi hadi saa moja hivi. Kifundo kikipeleka wastani wa saa nzima, mpando na mshuko hulipana, na wimbi likafutika kwenye karatasi huku liko baharini. Mfasiri anayeandika "taarifa zitatumwa kila saa" mahali palipotakiwa "data zitapelekwa kila dakika" ameubadilisha mfumo bila ya kujua.

7. Saa moja, majina matatu

Vifaa vinavyopashana data havina budi kukubaliana juu ya wakati, la sivyo tarakimu za Malindi na za Lamu haziwezi kulinganishwa. Kwa hiyo vyote hutumia saa ya kimataifa. Tetemeko la mwaka 2004 lilitokea saa 00:58 kwa saa hiyo. Kwa saa ya ukutani ya Afrika Mashariki ilikuwa 03:58. Kwa Kiswahili ilikuwa saa 9 na dakika 58 za usiku, karibu na alfajiri. Dakika ni ile ile, majina ni matatu.

Mfasiri afanyeje? Shauri langu ni kwamba ndani ya data saa ya kimataifa isiguswe kamwe. Kwenye taarifa za kiofisi iandikwe saa ya kimataifa pamoja na ya hapa. Na katika habari zinazowaendea wananchi itumike saa ya Kiswahili peke yake, pamoja na kutaja alfajiri, mchana, jioni au usiku. Anayeambiwa kwamba wimbi litafika "saa 4" bila ya kuelezwa ni saa 4 ipi, huenda akadhani ana saa 6 zaidi ya alizonazo.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Kihisi: kifaa kinachogeuza hali ya mazingira kuwa ishara na tarakimu.
Kifundo: sehemu ya mtandao inayopokea na kupeleka data.
Lango: kifaa kinachouunganisha mtandao wa vihisi na mitandao ya nje.
Itifaki: kanuni za mawasiliano zinazofuatwa na vifaa vyote.
Kipimabahari: kifaa cha kupimia kimo cha maji ya bahari.
Kupashana data: kufanya data za kila kifaa ziwafikie wengine bila ya kumpungukia mtoaji. Jina: upashanaji wa data.
Kupokezana data: kupitisha data kutoka kifundo hadi kifundo.
Kubadilishana data: kupeana data kwa pande mbili.
Kugawana: kutenga kitu chenye kikomo, kama zamu, masafa au kazi. Kisitumiwe kwa data.
Ujumlishaji: kufanya data nyingi ziwe chache zenye kuziwakilisha.

9. Hitimisho

Mwaka 1995 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipitisha Azimio Na. 40, ambalo lilitaka data za msingi za hali ya hewa zitolewe kwa mataifa yote bila ya malipo na bila ya vikwazo. Mwaka 2021 shirika hilo lilipitisha sera mpya iliyolipanua jambo hilo mpaka kwenye data za bahari na nyinginezo. Anayelieleza azimio la namna hii kwa neno kugawana humfanya msikilizaji aone hasara pasipo na hasara, akafunga mlango ambao ungemfaa yeye mwenyewe. Akisema kupashana, msikilizaji huelewa mara moja kwamba anachokitoa hakimtoki, na kwamba anachokipata kutoka kwa wengine huenda siku moja kikaokoa watu wa kwao.

Nilipata nafasi ya kurudi katika ofisi ile baada ya miezi michache. Sentensi ilikuwa imesahihishwa: "Vituo vyote vitapashana data za bahari, na vitagawana zamu za kuzipeleka." Yule mzee aliisoma mara mbili, akaitia saini, akauliza swali moja tu: je, kituo chetu kikinyamaza, nani atatupasha kwamba kimenyamaza? Swali hilo halikuwa la istilahi. Lilikuwa la mtandao wenyewe, na ndilo lililostahili kuulizwa tangu mwanzo.

Mapendekezo haya si sheria. Wasomaji wenye maneno bora zaidi, hasa wale wanaoishi na bahari na kuifanyia kazi, wanaombwa wayalete kwa Baraza ili yapimwe pamoja na haya.